Safu Mbili za Kalamu Nyekundu

Akinyi ameniomba niandike. Yeye ndiye mkuu wa mochari sasa, na anasema ninyi mnaoingia kazini siku hizi mnakuta kitabu cha kupokelea miili kina safu mbili zilizochorwa kwa rula na kalamu nyekundu, na hakuna anayewaeleza zilitoka wapi. Basi nitaeleza. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilianza nikiwa mfagizi, nikaishia mhudumu wa mochari, na katikati hapo hapakuwa na ngazi nyingi za kupanda. Hospitali zenyewe sitazitaja, ile ya upande wa Homa Bay nilikoanza na hii ya Migori nilikomalizia. Mnaozijua mnazijua.

Siku ya kwanza nilipelekwa mochari kwa sababu mfagizi wa huko alikuwa ameacha kuja. Sikuambiwa kwa nini aliacha. Nilimkuta Mzee Ogola, mtu mfupi aliyevaa gambuti za rangi mbili, moja nyeusi na moja ya kijani, maana jozi zote mbili zilikuwa zimetoboka mguu mmoja mmoja. Akanipa glovu.

"Hapa hatufanyi haraka," akasema. "Wenye haraka wako upande ule." Akaonyesha wodi kwa kidevu.

Ogola ndiye aliyenifundisha kila kitu. Kuchanganya dawa ya kuhifadhi mwili ukiwa umesimama upande ambao upepo unatoka, ili formalini isikuingie machoni. Kuutafuta mshipa wa paja kwa vidole, si kwa macho. Kubonyeza ncha ya sikio kujua kama dawa imefika. Na alikuwa anazungumza na miili. "Omera, tunakugeuza kidogo," alimwambia maiti, akimwita ndugu kwa Kiluo, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani. Mara ya kwanza nilicheka.

"Cheka," akasema. "Lakini ukimshika mtu bila kumwambia, utamshika kama gunia."

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mwili ukifika, dawa. Kwetu mtu hazikwi kesho. Anasubiri mtoto wa Mombasa, anasubiri nyumba yake ikamilike kwa sababu mwanamume hawezi kuzikwa mahali asipo na nyumba, anasubiri mashemeji wakubaliane. Wiki mbili, wiki tatu. Kwa hiyo dawa inaingia siku hiyo hiyo. Nilifuata sheria hiyo miaka mingi bila kuiuliza swali hata moja.

Kosa langu lilitokea nikiwa nimeshahamia Migori. Ogola alikuwa amekwisha kufa; nilimwosha mwenyewe, na nilimwambia kila nilipomgeuza. Asubuhi moja ya Jumanne wodi ya wanaume ilituletea mwili wa mtu wa makamo. Karatasi ilisema Otieno, na umri, na namba ya wodi, na saa ya kufa. Huku kwetu ukiita Otieno katikati ya soko la Awendo, nusu ya soko inageuka. Nikatia dawa. Saa sita nilikuwa naosha bomba.

Saa saba wakaja wanaume wanne wenye kofia nyeupe, mmoja amebeba sanda iliyokunjwa chini ya kwapa. Aliyekuwa mbele akasema anaitwa Idi, ni ndugu wa marehemu, na wamekuja kumchukua wamwoshe na kumzika kabla ya jua kutua.

"Mnamchukua leo?" nikauliza.

"Leo. Kaburi lishachimbwa."

"Lakini nimeshamtia dawa ya wiki tatu."

Akaniangalia kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Dawa ya nini?"

Sikujua namna ya kuficha, na mpaka leo sijui. Nikamfunulia shuka, nikamwonyesha mshono kwenye paja. Idi hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono juu ya magoti.

"Ndugu yangu anaitwa Rashid," akasema. "Rashid Otieno. Mliandika Otieno peke yake?"

"Ndivyo karatasi ilivyokuja."

"Na wewe uliuliza nani?"

"Sikuuliza mtu."

"Ukamkata mtu, na hukuuliza mtu."

Walimbeba wenyewe. Mlangoni mmoja wao, mzee, alinionea huruma, akasema, "Hakujua, Idi." Idi alijibu bila kugeuka: "Hakuuliza."

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa msimamizi wa hospitali. Nilimwomba jambo dogo: fomu ya kupokelea mwili iongezwe nafasi ya dini, ili mtu mwingine asifanyiwe nilichomfanyia Rashid. Alikuwa anakula njugu.

"Mzee Okelo, hizi fomu zinatoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu." Akatema ganda kwenye karatasi. "Halafu mambo ya dini ni ya watu waliosoma. Wewe una cheti gani cha dini? Leta cheti, tutaangalia."

Alikuwa anatania. Nilijua anatania, na niliamua kutojua.

Nilifika kidato cha pili tu. Akinyi, ambaye wakati huo alikuwa na mwezi mmoja kazini, ndiye aliyenitafutia kwenye simu. Akapata chuo kimoja cha Nairobi kinachofundisha dini linganishi mtandaoni, yaani kuziweka dini za dunia ubavu kwa ubavu na kuzisoma bila kuipendelea yoyote. Miaka miwili, kila Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita.

"Wanachukua hata mtu hakumaliza shule," akasema. "Lakini mzee, utaweza kuangalia simu masaa tatu?"

"Nimeangalia vitu vibaya kuliko simu."

Jumamosi ilinifaa. Miili hutoka Alhamisi na Ijumaa ili watu wazike Jumamosi nyumbani, kwa hiyo siku hiyo mochari hupumua. Nilikaa mezani kwangu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, vidude vya sauti masikioni. Mke wangu Perpetua, ambaye nilimwita Nyar Karungu kwa sababu ni binti wa Karungu, alipita nyuma yangu akifanya kazi zake. Tulifunga ndoa kanisa Katoliki tukiwa vijana, na kwa muda mrefu tulikuwa tukienda pamoja Jumapili, mpaka mimi nikaanza kuzitumia Jumapili zangu kuandika mazoezi. Jumamosi asubuhi alikuwa anatoka. Jumamosi moja alisimama mlangoni, akasema jambo, nami nikainua mkono kumwonyesha kwamba nimesikia. Nilidhani anakwenda sokoni.

Masomo yenyewe sitayadharau. Nilijifunza habari za watu wanaochoma maiti wao kando ya mto, na watu ambao zamani waliwaachia ndege. Hapo niliiacha simu mezani nikaenda kukaa nje kidogo. Mwalimu Njeri, aliyetufundisha, alitumia Jumamosi tatu kueleza maana ya neno dini, na mwishoni akasema wataalamu bado hawajakubaliana. Waluo tulipewa kurasa mbili, zilizoandikwa na mtu ambaye inaonekana alipita kwetu siku ya mvua na hakushuka garini.

Jumamosi moja nilikuwa zamu, nikaingia darasani nikiwa mochari. Sikujua maiki yangu iko wazi.

"Kuna mtu amewasha redio," mwalimu akasema. "Tafadhali azime."

"Si redio, mwalimu," nikajibu. "Ni watu wanalia."

Halafu mmoja wa wanafunzi, sijui wa wapi, akaandika kwenye ukurasa wa maswali: "Huyu mzee yuko mbele ya silabasi."

Zoezi kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa kuandika jinsi jamii mbili zinavyowatunza wafu wao. Nikaandika Waislamu na Waluo. Niliandika ninachokijua kwa mikono yangu, na jinsi nilivyomkosea Rashid, kurasa kumi na moja, kwa kidole kimoja. Mwalimu Njeri alirudisha na maneno mafupi: "Umeandika vizuri, baba. Lakini chanzo chako ni nani?"

Nikamjibu: "Ni mimi."

Akajibu: "Wewe si chanzo. Nani alikuambia?"

Nikapewa alama za kuponea. Mwenzangu aliyeandika juu ya watu asiowahi kuwaona, kwa kunakili vitabu vitano, alisifiwa mbele yetu sote. Jambo hilo liliniuma kuliko ilivyopasa kumuuma mtu wa umri wangu. Lakini nilipolitafakari niliona anauliza swali lile lile la Idi. Uliuliza nani. Nani alikuambia.

Ndipo nilipochukua rula na kalamu nyekundu. Fomu ni ya juu, lakini kitabu cha kupokelea ni chetu. Nikachora safu ya kwanza: Dini. Nikachora ya pili: Aliyesema. Hakuna dawa kuingia mwilini mpaka safu hizo mbili zimejazwa. Msimamizi alipoziona alisema nimechafua mali ya hospitali. Nikamwambia naleta cheti.

Msidhani kuuliza ni rahisi. Siku moja walileta kijana aliyefunikwa na shimo la dhahabu kule Osiri. Wenzake watatu walikuja naye juu ya pikapu, matope mpaka kwenye kope. Walimjua kwa jina la shimoni tu, Chuma.

"Alikuwa dini gani?" nikauliza.

"Dini yake ilikuwa dhahabu, mzee," mmoja akasema, na wenzake wakacheka kicheko cha watu wasiolala.

"Nauliza kweli. Hakuna kitu alikuwa anafanya? Siku ambayo hashuki? Chakula ambacho hali?"

Wakafikiri. Mwingine akasema, "Kabla hajashuka alikuwa anasema bismilahi."

"Basi ni Mwislamu."

"Aa, hapana. Hata mimi nasema, na mimi ni wa kanisa la Roho. Shimo halichagui."

Nilimweka siku nne bila dawa, kwenye jokofu letu bovu, nikipiga simu kila nilipopata namba, mpaka akapatikana mama yake upande wa Ntimaru. Alikuja, akamtazama, akaniambia, "Mimi ndiye nilimbatiza jina. Andika Mkristo, na uandike ni mama amesema." Nikaandika. Naikumbuka siku hiyo kama siku niliyoifanya kazi yangu sawasawa. Zilikuwepo chache.

Kwa hiyo mjifunze kuuliza hivyo. Watu wengi hawajui kutaja dini ya mtu wao, lakini wanajua siku aliyopumzika, na wanajua alichokikataa mezani.

Katika mwaka wa pili tulifika kwa Wasabato. Zoezi la somo hilo ndilo lililonipatia alama za juu kuliko yote, na safari hii vyanzo nilikuwa navyo, maana niliwauliza wake wa wachungaji waliokuja mochari, mmoja mmoja, nikaandika majina. Nilieleza jinsi Sabato inavyoingia Ijumaa jua likizama. Nilieleza kwamba chakula cha Jumamosi hupikwa kabla. Kwamba hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo mumi na kamongo hawaingii jikoni kwao, hata hapa kandokando ya ziwa. Kwamba wengi wao wameacha majani ya chai. Mwalimu Njeri aliandika: "Baba, hapa umetazama kwa makini sana."

Nyumbani kwangu, mwaka huo, Jumamosi nilikuwa nakula ugali uliolala. Nililalamika mara moja, Nyar Karungu akasema atanichemshia mchuzi, lakini baada ya jua kuzama. Mumi, samaki niliyempenda, hakuwa ameonekana mezani tangu Krismasi. Nilidhani amepanda bei. Chai ilikuwa imegeuka kuwa mchaichai, na nilidhani ni kwa sababu ya presha yake. Ninyi mnaosoma mmeshaona. Mimi niliyepewa alama za juu sikuona.

Presha ndiyo iliyomchukua. Alianguka Jumatatu akifua, akakaa wodini siku mbili bila kusema neno, na Jumatano wakamteremsha kwangu. Akinyi alisema nikae nje, afanye yeye. Nikakataa. Nilimtia dawa mwenyewe. Nilimwambia, "Nyar Karungu, nakugeuza kidogo." Nikamvika gauni la bluu la ndoa ya binti yetu, nikamviringishia rozari kwenye vidole, ile aliyopewa na mama yake.

Akinyi alikuwa ameshika kitabu. "Baba," akasema. Siku zote alikuwa akiniita mzee. "Safu ya dini?"

"Mkatoliki."

"Aliyesema?"

"Mume."

Ndugu zake wa Karungu walipanga tuzike Jumamosi ya wiki iliyofuata, padri akakubali. Alhamisi ya wiki hiyo tulikuwa kwenye uwanja wa mochari, mimi, shemeji yangu Odhiambo na wazee wawili, wakaja wanawake kama kumi wenye vitambaa vyeupe kichwani. Wa mbele nilimjua. Ni Mama Rispa, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Akaomba kumwona. Nikawaingiza. Alitazama uso, akatazama mikono, na alipoiona rozari akarudi nje polepole.

"Jaduong'," akaniambia, kwa heshima ya mzee, "Jumamosi hatutaweza. Na kile kitu cha mkononi, utusamehe, lakini yeye aliacha."

Odhiambo akaruka. "Hawa ni akina nani? Dada yangu alizaliwa Mkatoliki! Mnaokota maiti kama kuni?"

"Hatukuokota, baba. Tulikuwa naye."

"Shemeji!" Odhiambo akanigeukia. "Si wewe ndiye umesomea mambo haya? Miaka miwili unaangalia simu! Waambie mke wako alikuwa dini gani."

Wote wakanitazama. Wanawake, wazee, Akinyi aliyesimama mlangoni na kitabu. Nimewauliza watu swali hilo mara zisizohesabika, wengine machozi hayajakauka, na nilikuwa nawaona wapumbavu kidogo wanaposhindwa kujibu.

"Sijui," nikasema.

Mama Rispa akaja karibu, akashusha sauti. "Alibatizwa ziwani, mwaka jana, Jumamosi. Mimi nilimshika mkono akitoka majini."

"Mbona hakuniambia?"

Akanishangaa. "Lakini alikuambia, jaduong'. Alisema asubuhi hiyo alisimama mlangoni akakuambia anakwenda kubatizwa, na wewe ukainua mkono. Alikuja mbio mpaka kwangu. Alikuwa anaogopa utakataa. Alisema, 'Amenipa ruhusa.'"

Nilirudi ndani kutoa rozari. Ninyi mnajua dawa ikishakaa vidole vinakuwaje. Nilivifungua kimoja kimoja, na kila kimoja nilimwambia. Tulimzika Jumapili kwa nyimbo za Wasabato. Odhiambo hakuja, na nusu ya ukoo wa Karungu haikuja, na mpaka leo hatusalimiani. Wanasema nilimuuza dada yao kwa watu wa Sabato. Ningekuwa na neno la kuwajibu kama ningekuwa nimeondoa kile kidude sikioni asubuhi moja tu.

Cheti kilikuja kwa barua pepe wiki tatu baadaye. Kilisema nimefuzu dini linganishi, na jina langu limeandikwa sawasawa. Akinyi akakichapisha, nikampelekea msimamizi. Alikitazama pande zote mbili, ingawa upande wa nyuma haukuwa na kitu, akatoa nakala, akaiweka kwenye faili. "Tutaangalia," akasema. Nilistaafu wakiwa bado wanaangalia, na kwa kuwa fomu bado ni ile ile, safu nyekundu mtaendelea kuzichora wenyewe kila kitabu kikijaa. Rula iko kwenye droo ya chini. Kalamu nyeusi isitumike, inachanganya.

Kitabu cha mwaka ule kiko kwenye kabati la kushoto, cha tatu kutoka juu. Mkikifungua mtakuta mistari yangu yote imejazwa bila kufutwa, isipokuwa mmoja. Siku ile ya Alhamisi, watu walipokwisha kuondoka, Akinyi alinifuata na kalamu akauliza, "Baba, hapa turekebishe vipi?" Nikamwambia afuate utaratibu: asibandike karatasi juu, apige mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, kisha aandike ukweli pembeni. Ndivyo alivyofanya. Pale palipoandikwa Mkatoliki pamepigwa mstari, pakaandikwa Msabato. Na kwenye safu ya aliyesema, neno mume limepigwa mstari, na kando yake pameandikwa: jirani.